Marehemu Alivyoendelea Kuandika Barua

Sehemu ya Tano

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilikuta limeshafungia vitumbua, usihuzunike, nitakukumbusha upesi upesi. Na wewe uliyesoma kila wiki, vumilia kidogo. Wengine ndio kwanza wanafika.

Mimi ni Faidha, wa Newala. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka sita, nikachukuliwa na dada yake, Mama Somoe. Akanilea pamoja na binti yake wa pekee, Somoe. Tulikula sahani moja, tukalala mkeka mmoja. Hata majirani wa kule Chilangala, kwenye mikorosho yetu, walidhani tumetoka tumbo moja.

Mwaka 2004 tulipanga chumba Masasi, tukawa tunasoma Kiingereza kwenye kituo cha Mwalimu Ladislaus. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kimekuwa ruksa: kila mtaa tuisheni, kila kona kibanda cha simu, na karibu na stendi Bwana Suleimani alikuwa amefungua intaneti ya kompyuta nne. Mwalimu akatuunganisha na wanafunzi wa chuo kimoja cha Japani waliokuwa wanajifunza Kiswahili. Sisi tuwaandikie kwa Kiingereza, wao watuandikie kwa Kiswahili, kila mmoja amsahihishe mwenzake. Somoe akapewa msichana anaitwa Naoko.

Mwezi wa tatu masomo yakaisha na wengi wetu tukaachana na Wajapani wetu mmoja mmoja. Somoe na Naoko hawakuachana ng'o. Mwezi wa nne Somoe akashikwa ghafla na malaria, ikampanda kichwani, na baada ya siku chache tu tukamzika Newala. Hapo sitaki kukaa sana.

Baada ya maziko nikafungua barua pepe ya Somoe, maana neno la siri alikuwa ameliandika nyuma ya daftari lake. Nikakuta Naoko ameandika: "Pole kwa homa, rafiki yangu. Je, daktari amesema nini?" Nikaichapa, nikampelekea Mjomba Rajabu karatasi, maana yeye ndiye mkubwa wa ukoo wetu.

"Huyu mtoto anaishi na mama yake?" akauliza mjomba.

"Hapana, mjomba. Amepanga peke yake, mji wa mbali na kwao."

"Mtu aliye peke yake haambiwi msiba kwa karatasi. Akianguka nani atamdaka? Mwandikie kwamba mgonjwa hali yake si nzuri. Siku akija ataambiwa, akiwa amekaa kitako na amekunywa maji."

Mnajua wenyewe, kwetu ndivyo ilivyo. Ukipata salamu kwamba "baba hajisikii vizuri, njoo nyumbani," hata mkoba hufungi, machozi yanaanza hapo hapo. Maneno ya mjomba yalikuwa ya kuandikiwa mtu wa kwetu. Naoko alisoma mgonjwa, akaelewa mgonjwa. Akarudisha barua akiomba Somoe mwenyewe amwandikie hata mstari mmoja.

Nikauandika huo mstari. Nikaweka jina la Somoe chini. Mstari mmoja ukazaa mingine, zikawa barua tisa kwa jumla, miezi minne mizima, mpaka ile siku niliyokuta maneno niliyowaachia wiki iliyopita: "Somoe, nimekata tiketi. Ninakuja kukuona."

Haya. Sasa tuendelee.

Nilitoka kwa Suleimani nikarudi chumbani. Kesho yake nikapanda Newala, nikamkuta mjomba anapiga mikorosho dawa ya salfa kwa mashine, uso umepakaa vumbi la njano mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia.

"Kutoka Japani?" akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Kuja kumwona mgonjwa?"

"Ndiyo."

Mjomba akazima mashine. Akavua kofia yake.

"Basi huyo si rafiki tena, ni ndugu. Aletwe. Utakwenda kumpokea wewe Masasi. Na unisikilize vizuri, Faidha: asiambiwe njiani. Ukimwambia njiani, umemuua. Ataambiwa hapa, mbele ya watu, na mama yake Somoe akiwa ameketi."

Nikaitikia. Wallahi, moyoni nilifurahi. Nilipata kisingizio cha kunyamaza siku moja zaidi.

Mama Somoe ndiye aliyenimaliza. Tangu mwezi wa nne mama yule alikuwa hacheki, hapiki cha maana, anakaa tu kwenye kibaraza na khanga imefunika kichwa. Aliposikia habari akasimama. Akaanza kuuliza.

"Atakula nini? Wajapani wanakula mizizi ya porini, hii ming'oko yetu?"

"Atakula, mama."

"Maji ya kuoga je? Mwite jirani Sikudhani, tushuke wote bondeni, tujaze mapipa mawili. Asije akasema kwao Somoe hakuna maji."

Halafu akashika mkono wangu.

"Mwanangu alikuwa na mtu wa kumfuata kutoka mwisho wa dunia, Faidha. Na mimi nilikuwa nawagombeza kwamba mnapoteza wakati kwenye makompyuta."

Nikashindwa kumtazama.

"Wewe ulimwandikia mara ngapi, huyo Naoko?"

"Mara moja tu, mama. Kama mjomba alivyosema."

Sasa nitawaambia nilichokuwa naogopa, msije mkadhani niliogopa polisi au aibu ya mtaani. Mama yule akijua kwamba nimemfanya mwanawe aandike barua akiwa kaburini, atanitoa kwenye hesabu ya watoto wake. Na mimi mama mwingine sina.

Naoko alishuka Masasi jioni, akalala gesti. Asubuhi nikamfuata. Nilimkuta mlangoni, kadogo kama mtoto wa darasa la saba, begi mgongoni kubwa kuliko yeye, upepo wa Agosti unampiga vumbi usoni na yeye anacheka.

"Shikamoo, dada Faidha!"

"Tumelingana, bwana. Usinizeeshe."

"Somoe aliniambia wewe ni mkubwa kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo shikamoo."

"Marahaba," nikasema, ili yaishe.

Akanikumbatia. Alikuwa amechoka, macho mekundu, lakini anaruka ruka. Akafungua begi pale pale barazani.

"Nimemletea Somoe dawa za vitamini. Na kipimajoto. Na hii." Akatoa sweta, sufu ya kijani, imefumwa kwa mkono. "Aliniambia Newala mwezi wa saba baridi kali sana. Nimeifuma mwenyewe. Miezi miwili!"

Sweta ile naijua vipimo vyake. Aliniuliza kwa barua upana wa mabega ya Somoe, nikachukua blauzi yake ya shule iliyokuwa imebaki msumarini, nikaipima kwa uzi, nikamwandikia.

"Nzuri," nikasema. "Ataipenda."

Ataipenda! Ulimi huu siku moja utakatwa.

Tulipokuwa tunaelekea kwenye pikapu ya kupanda Newala, nani anatokea mbele yetu? Mwalimu Ladislaus, na baiskeli yake, na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Nikatafuta pa kupita, hakuna.

"Faidha! Na huyu... usiniambie! Huyu si ni Naoko wa Somoe?"

"Shikamoo, Mwalimu," Naoko akasema, akainama.

Mwalimu akashusha baiskeli. Uso ukabadilika, akamshika Naoko mkono kwa mikono yake miwili.

"Umefanya la maana sana kuja. Poleni. Poleni sana, jamani."

"Pole ya nini, Mwalimu?" Naoko akauliza.

"Ya safari!" nikadakia kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka. "Amesafiri siku tatu, Mwalimu, hajalala. Na gari inaondoka. Kwaheri, Mwalimu."

Mwalimu akanitazama. Ni mtu wa huku huku, wa Lulindi, ameshapokea wageni wengi wa misiba, akaelewa kwamba mgeni hajaambiwa. Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ndiyo," akasema. "Pole ya safari."

Hakujua kwamba lipo jingine zaidi ya hilo. Aliniona binti mwenye adabu anayefuata mila, nikapita mbele yake na sifa nisiyostahili.

Kwenye pikapu tulikaa mbele na dereva. Naoko alishikilia mapajani faili la plastiki, haliachi. Ndani mna karatasi. Nikajua ni za nini kabla hajaniambia.

"Barua zote za Somoe," akasema. "Nimezichapa. Nilikuwa nazisoma kwenye ndege."

"Zote?"

"Thelathini na mbili. Ninaweza kusema kitu, dada? Usikasirike."

"Sema."

"Somoe amebadilika. Zamani alikuwa ananitania sana. Baada ya kuumwa hatanii tena. Anaandika kwa huzuni. Vizuri, lakini kwa huzuni."

"Ugonjwa humbadilisha mtu," nikasema.

"Ndiyo. Lakini barua hizo ndizo zimenisaidia mimi." Akatazama nje, gari limeanza kupanda mlima, dereva anabadilisha gia na kulaani mawe. "Mwaka huu nilitaka kuacha chuo. Nilikuwa silali, sili. Sikumwambia mtu yeyote, hata mama. Nilimwambia Somoe tu. Na yeye mgonjwa, amelala kitandani, alinijibu ukurasa mzima. Nikaona aibu. Nikarudi darasani."

Nikakumbuka barua ile. Niliiandika kwa Suleimani nikiwa nalia mpaka mteja wa pembeni akahama kompyuta. Alikuwa anamwomba msaada marehemu, nikajibu mimi niliye hai, na nilichomwambia kilikuwa kweli tupu. Labda ndiyo barua pekee ya kweli niliyowahi kuandika maishani mwangu, na jina chini yake si langu.

"Hasa sentensi moja," Naoko akaendelea. "Aliandika: 'Mtu unayempenda akiondoka, unaona kama umemwondoa wewe.' Niliisoma, nikaogopa. Nikafikiri, Somoe anajiandaa kufa. Kwa hiyo nimekuja."

Hapo mdomo ulinifunguka. Nawaapia, nilitaka kumwambia pale pale, dereva asikie asisikie. Nikasema, "Naoko."

"Ndiyo, dada?"

Nikasikia sauti ya mjomba: asiambiwe njiani, umemuua. Na nikaona pia sura ya Mama Somoe. Kati ya hayo mawili lipi lililonifunga mdomo, mjuzi ni Mungu.

"Karibu Newala," nikasema.

Nyumbani walikuwa wameshajaa. Wanawake wamekaa mikekani sebuleni, khanga vichwani. Mjomba kwenye kiti chake cha mgongo mrefu, kanzu imefuliwa. Mama Somoe ameketi katikati, miguu ameinyoosha mbele, amejipaka mafuta usoni kwa mara ya kwanza tangu masika.

Naoko akavua viatu mlangoni, akavipanga vizuri, pua zimetazama nje. Wanawake wakatazamana, wakapenda. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu kwenu."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti yangu. Mpeni mgeni maji."

Akapewa maji kwenye glasi. Akanywa yote. Akafuta mdomo, akatazama mlango wa chumba cha ndani, akitabasamu.

"Somoe amelala?"

Mtoto wa jirani akataka kusema kitu, mama yake akamziba mdomo.

Mjomba akakohoa.

"Binti yangu, sisi tulikuandikia kwamba mgonjwa hali yake si nzuri. Tulimuuguza kwa uwezo wetu. Lakini aliyetupa ndiye mwenye mali yake. Mwenzako ametangulia mbele ya haki."

Naoko akanigeukia, bado ana tabasamu lile, ila sasa limekaa vibaya.

"Mbele ya haki ni wapi, dada? Ni hospitali? Ya Mtwara?"

Ee Mungu wangu. Watu wote wananitazama mimi. Nani mwingine angemwambia?

"Amekufa, Naoko," nikasema. "Somoe amekufa."

Hapo wanawake wakaachia. Kilio kile kilikuwa kimezuiwa tangu asubuhi kikimsubiri yeye, na kilipotoka nyumba nzima ilijaa, msiba ukarudi upya kana kwamba jeneza liko uani. Mama Somoe alijipiga mapaja. Mimi nililia mpaka nikakaa chini.

Naoko hakulia. Alikaa vile vile kwenye magoti, mikono juu ya faili lake. Vilio vilipopungua akamwuliza mjomba kwa sauti ndogo.

"Lini?"

"Tarehe kumi na saba, mwezi wa nne. Siku ya Jumamosi, alfajiri."

"Mwezi wa nne," akasema.

Nikamwona anahesabu kwa vidole juu ya plastiki. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Akarudia. Halafu akainua uso akanitazama, na akaendelea kunitazama, mpaka tabasamu lote likaisha usoni kwake na rangi yake ikaisha pia.

Nikasubiri aseme. Ilikuwa haki yake. Angesema neno moja tu pale mbele ya ukoo mzima, mimi ningekuwa nimekwisha.

Hakusema. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, ndipo akalia, bila sauti, mabega yanatikisika. Mama Somoe akajivuta kwa makalio mpaka alipo, akamlaza kifuani kama alivyokuwa akimlaza Somoe, akawa anamwambia, "Nyamaza mwanangu, nyamaza, na mimi nimenyamaza."

Chakula kikaletwa, hakuna aliyekula. Wageni wakaanza kuaga mmoja mmoja. Tukabaki wanne: mama, mjomba, Naoko na mimi.

Naoko akafungua begi. Akatoa ile sweta ya kijani, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akaikunjua, akaipima kwa macho, akaiweka usoni, akavuta pumzi ndani yake. Sijui alitafuta harufu gani, maana Somoe hakuwahi kuivaa.

"Mabega haya ni yake kabisa," akasema. "Ulijuaje vipimo, mwanangu?"

Naoko akanitupia jicho.

"Niliambiwa, mama," akajibu.

Ameniokoa, nikajisemea. Mgeni amenisitiri. Nikaanza kupumua, nikapanga hata maneno nitakayomwambia tukibaki peke yetu: nitampigia magoti, nitamweleza mila yetu, atanielewa. Mjinga hachelewi kufurahi.

"Na hizo karatasi?" mama akauliza.

"Ni barua za Somoe, mama."

Mama akanyoosha mkono, akagusa plastiki. Mama yetu Kiingereza hajui, hata Kiswahili cha kusoma anasoma kwa kukisia. Akapapasa faili lile juu mpaka chini.

"Mwanangu yumo humu?"

"Ndiyo, mama."

"Sikupata kusikia neno lake la mwisho. Waliponifikisha hospitali alikuwa hasemi tena, macho yamegeuka. Nisomee ya mwisho aliyokuandikia. Faidha, lete barua, uigeuze Kiswahili."

Nikajongea upesi. Nilikuwa tayari kusoma yoyote ile kati ya zangu na kuitia maneno matamu. Ndiyo, hata hapo! Lakini Naoko hakunipa. Akafungua faili mwenyewe, akaanza kutoa karatasi moja moja na kuzilaza pembeni kifudifudi. Moja, mbili, tatu. Mpaka tisa.

"Mbona unaziacha hizo?" mama akauliza.

"Natafuta ya Somoe, mama," akasema.

Mjomba hakuelewa. Mama hakuelewa. Mimi nilielewa, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alikuwa anamheshimu yule mama. Hakutaka kumpa maneno yangu mimi.

Akainua karatasi ya kumi.

"Hii ndiyo. Nitasoma polepole. Kiswahili changu si kizuri."

"Soma tu, mwanangu."

"'Naoko mpenzi,'" akaanza, kidole juu ya mstari. "'Leo naandika kwa kifupi. Barua yangu uliyosahihisha nimeipata. Umenikosoa mara kumi na moja! Wewe ni mwalimu mbaya sana. Ukija Newala nitakuoza kwa mzee mwenye wake watatu, uwe wa nne, ukasahihishe wenzako.'"

Mama akacheka. Jamani, alicheka! Machozi yanashuka na yeye anacheka, akimpiga mjomba gotini.

"Ndiye huyo! Msikie, kaka, ndiye huyo Somoe!"

Mjomba naye akacheka, akajifuta macho kwa upindo wa kanzu. Hata mimi nilicheka. Miezi minne nilikuwa nimejaribu kuandika kama yeye, na katika barua zote tisa sikuweza hata utani mmoja.

"Endelea, mwanangu."

"'Lakini leo utani sina nguvu nao. Kichwa kinaniuma tangu jana. Sasa nasikia baridi, na jua la Masasi ni kali. Dada Faidha yuko kompyuta ya pili, anachati na...'"

Naoko akanyamaza. Macho yake yalikuwa yametangulia mistari miwili mbele. Alikuwa ameisoma barua ile mara nyingi huko kwao, ila alikuwa ameisoma kama barua ya mtu mwenye homa ya kawaida ambaye kesho yake atapona.

"Anachati na nani?" mama akauliza.

"Mama, barua ni ndefu. Labda kesho..."

"Endelea."

Akaendelea. Sauti ikawa ndogo mpaka mjomba akasogeza kiti.

"'Anachati na rafiki yake. Nimemwambia twende hospitali. Amesema bado kidogo. Nimemwambia tena, amesema bado kidogo. Sasa nimemwambia mara ya tatu. Hakugeuka. Amenifanyia hivi kwa mkono.'"

Na Naoko, maskini, bila kufikiri akaufanya mkono wake vile vile, kama mtu anayefukuza nzi.

"'Sitaki kumkasirisha, amefurahi sana leo. Nitalaza kichwa hapa mezani, nimsubiri.'"

Ndugu msomaji, wiki nne zilizopita niliahidi kukuambia yote. Sikukuambia hili. Nilikuambia kwamba malaria ilimshika ghafla, kama nilivyomwambia mama, kama nilivyomwambia kila aliyekuja kutoa pole.

Haikumshika ghafla. Alinililia homa Jumatano saa nne asubuhi. Nami nilikuwa nimempata Mjapani wangu kwenye chati, kijana aliyekuwa ananiandikia maneno ambayo hakuna aliyewahi kuniandikia, nikaona nikiondoka sitampata tena. Tulikaa pale mpaka saa nane. Nilipogeuka, Somoe alikuwa amelala juu ya kibodi. Nikamnunulia vidonge vya kutuliza maumivu, nikamlaza chumbani, nikarudi kwa Suleimani. Hospitali nilimpeleka kesho yake, siku ya Alhamisi, usiku, amebebwa. Daktari aliniuliza swali moja tu: kwa nini hamkuja jana?

Kwamba alimwandikia Naoko habari za homa, nilijua; kwamba alinitaja na mimi, sikujua. Siku zile ukituma barua, kwako haibaki nakala mpaka uwe umeiwekea alama ya kuhifadhi, na Somoe alama hakuweka. Nilidhani aliyejua alikuwa mmoja, na tulikuwa tumeshamfukia.

Mama alikuwa hacheki tena. Ameishika ile sweta kwa mikono miwili mapajani.

"Amesema alimwambia mara ngapi?"

"Mara tatu, mama," Naoko akajibu, huku analia.

"Karatasi ina tarehe?"

Naoko akanitazama mimi. Nikamtikisia kichwa. Nilimwomba kwa macho, nikamwomba kwa midomo.

"Tarehe kumi na nne," akasema. "Jumatano."

Nje mtu alipita na baiskeli, akatoa salamu, hakuna aliyeitika. Kisha mama akanigeukia, akanitazama kama anamtazama mtoto wa watu aliyepotea njia akaingia nyumbani kwake.

"Faidha. Wewe uliniambia homa ilimshika usiku wa Alhamisi."

Nikautazama mlango.

"Kaka," akasema mama, bila kuniondolea macho, "funga mlango."

Mjomba Rajabu akasimama, akaenda, akaufunga mlango na komeo.